Ngoma Iliyotangaza Sombe

"Généreuse! Toka inje! Leo utanieleza mbele ya watu, juu ya nini unaniitia wageni!"

Mama Léoncie alikuwa mlangoni mwa jirani yake, mwiko mkononi, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayetaka kuvuka mto. Nyuma yake, juu ya uzio wa shitingi, yale maturubai ya plastiki, vichwa vilikwishaanza kuchomoza kimoja kimoja. Mtaa wa Murara, mjini Goma, haujawahi kukosa watazamaji wa ugomvi, na tangu volkano imeze ukumbi wa video, ugomvi ndio filamu pekee iliyobaki, tena haina tiketi.

Généreuse alitoka na pini mdomoni. Alikuwa mshonaji, mtu wa upande wa Bukavu, mwembamba, mpole wa sauti. Ukimwona hungedhani kwamba ndani kwake kuna kitu kinachonguruma.

"Wageni gani tena, Mama Léoncie?"

"Usijifanye mutoto. Kila nikisema nitwange kasombe kangu kidogo, majani tu ya muhogo, weye unapiga lile dude lako. Duum! Duum! Avenyu yote inajua kwa Léoncie kuko chakula. Jana shefu wa avenyu, Sebahire, amefika ata chumvi sijatia. Juzi alikuya na shemeji yake. Na shemeji anakula kumushinda!"

"Mimi sijalipiga."

"Haukulipiga. Basi nani alilipiga? Marehemu?"

Shitingi ilitikisika kwa kicheko.

"Nakuapia, mama. Jana saa ile miguu yangu ilikuwa kwenye pedali ya cherehani na mikono kwenye kitambaa. Lilijipiga lenyewe."

Loo! Hilo ni neno ambalo angelimeza pamoja na mate. Kicheko kilikatika, na sauti nzito ikatoka upande wa pili wa nyumba. Alikuwa Muzee Ntirenganya, mume wa Léoncie, mfugaji aliyekimbia vita vya Masisi akaingia Goma na fimbo yake, koti lake na maoni yake.

"Munasikia? Nilisema, miye. Kwetu mwanamuke hapigi ngoma. Sasa ngoma yenyewe imechoka kumungoja mwanaume, imeanza kujipiga."

Watu walicheka tena, lakini safari hii walicheka huku wakirudi nyuma hatua moja. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika sokoni Virunga: kwa Généreuse kuna ngoma isiyohitaji mkono wa mtu.

Mambo yote yalianza na volkano. Nyiragongo ilipasuka ubavuni mwezi wa kwanza, moto ukateremka kwa njia ya Munigi mpaka mjini kati, ukilitafuta ziwa kama mlevi anayetafuta kitanda. Goma ilikuwa tayari mikononi mwa uasi, na waasi walikuwa na gavana wao, mihuri yao na vizuizi vyao barabarani. Volkano haikumwomba mtu kitambulisho. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakachoka kulala inje, wakarudi mawe yakiwa bado na joto. Moto ulikuwa umekula nyumba ya Généreuse na kila kilichokuwemo isipokuwa cherehani aliyoibeba kichwani. Ulikuwa umekula pia kapela ndogo ya kusalia mtaani, na ndani ya kapela, ngoma zote za korali, kwaya aliyoimba Généreuse.

Prezida wa korali, Papa Wenceslas, aliitisha mkutano. Huyu alikuwa karani mwenye tai, akikaa Keshero, ambako moto haukufika, kwa hiyo alizungumza juu ya volkano kama mtu aliyeisoma gazetini.

"Bon," alisema. "Mafundi wa ngoma wako Masisi, na njia ya Masisi tunaijua. Anayeishika leo si yeye ataishika kesho. Pasaka tutapiga makofi."

Korali iliguna. Pasaka ya makofi, baada ya moto kama ule! Ndipo Généreuse, mwanamke asiyewahi kufungua mdomo mkutanoni ila kwa kuimba, alipojisikia akisema: "Pasaka tutakuwa na ngoma. Nitaitengeneza."

"Utachonga muti gani, mama?"

"Si ya muti. Ya umeme."

Walicheka mpaka sauti ya pili ikapaliwa. Wakamwita Mama Duum siku ileile, na jina likamganda kuliko la ubatizo. Lakini yeye hakulirudisha neno lake. Kitanda kiliungua, sufuria ziliyeyuka, picha ya harusi iligeuka moshi, na mume wake Luc alikuwa Bukavu akitafuta mabati. Sasa hata neno lake lipotee?

Wazo lenyewe alikuwa amelipata mtaa wa Birere, kwa Aubin, kijana mtengenezaji redio anayeongea kuliko redio zote alizopewa. Siku chache kabla ya mkutano, Généreuse alikuwa amempelekea redio iliyojaa majivu, aliyoiokota njiani. Aubin alipoigusa ndani kwa bisibisi, redio ilitoa "duu!" moja, ikafa.

"Pardon, mama, nimeiua."

"Irudie."

"Niiue tena?"

"Irudie ile sauti!"

Tangu hapo kila akimaliza kushona alikwenda kwa Aubin kujifunza kusude, yaani kuunganisha nyaya kwa bati la kuyeyusha. Alichoma vidole, alichoma kitenge, mara moja alichoma nyusi za Aubin. Alijifunza kung'oa vipande ndani ya redio zilizokufa: transista kutoka kwa hii, kondansateri kutoka kwa ile. Siri ya sauti ya ngoma, Aubin alimweleza hivi: unapanga vipande mpaka viwe na hamu ya kulia, halafu unavizuia kidogo. Ni kama mtoto aliyekatazwa kulia mbele ya wageni. Yuko kimya, midomo ameibana, ukimgusa tu anatoa "duu!" moja, kisha anajikaza. Ukimzuia mno, hatoi kitu. Ukimlegezea mno, hanyamazi.

Généreuse alianza kwa kumlegezea mno. Jaribio lake la kwanza lilimtoa Muzee Ntirenganya usingizini, akakimbia inje na fimbo akiuliza ng'ombe wa nani anazaa. La pili lilitoa mlio ambao watu wenye adabu humsingizia mbwa. La tatu ndilo lililotoa duum ya kweli, nzito, ya mviringo, na Généreuse aliketi chini akalia kidogo, peke yake, mbele ya bafle la redio, yaani spika, lililofungwa kwa kamba kwenye batri ya gari.

Kilichobaki ni mahali pa kupigia. Aubin alimpa kisahani chembamba cha shaba kilichotoka ndani ya saa ya kuamshia. Ukikigonga, kinatoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaomgusa yule mtoto aliyebana midomo. Kisahani kilikuwa kidogo kama sahani ya kikombe cha mwanasesere. Généreuse alikitazama akaona haya kwa niaba yake. Ngoma gani hiyo isiyo na upana? Akakigundisha kwa gundi na misumari kwenye ubao wa ukuta. Ubao ulikuwa mpana, ulikuwa mkavu, na ulikuwa karibu na batri. Alijipongeza.

Sasa, ukuta ule haukuwa wake peke yake. Waliporudi kutoka Gisenyi mbao zilikuwa haba, na watu walijenga juu ya mawe ya volkano wakiegemezana: nyumba hii mgongo kwa mgongo na ile, ukuta mmoja kwa familia mbili. Wa Généreuse ulikuwa pia wa Mama Léoncie. Kupitia mbao zile Généreuse alijua lini Muzee amekohoa, lini mafuta ya mawese yametiwa, lini kumefika sambaza, dagaa wa ziwani. Na harufu ilipopenya, alifunga dirisha, akaongeza mwendo wa cherehani. Mama yake, kule Bukavu, alimlea akijua kwamba mtu wa heshima hafiki kwa watu sufuria ikiwa motoni, hasa kama mikono yake ni mitupu. Na baada ya volkano, ya Généreuse ilikuwa mitupu kweli.

Kwa hiyo yeye alikula muhogo wake upande huu, wenzake walikula upande ule, na mashine ikaanza vituko.

Ilipiga saa sita. Ilipiga jioni. Mchana mwingine ilitoa duu... duu... polepole, kama kitu kinachovuta pumzi. Siku ardhi ilipotetemeka, mashine ilinguruma kwanza, vikombe vikafuata, na kuna mama aliyeapa sokoni kwamba Généreuse ndiye anayeiita volkano irudi kumalizia. Kuizima hakukuwa kazi nyepesi: somo la butoni ya kuzimia hakuwa amelifikia, na kila aliponyofoa waya kwenye batri, cheche ilimrukia. Basi aliiacha ikiwaka, akalala nayo kama mtu anayelala na mbwa asiyemwamini.

Baada ya ugomvi wa mwiko alirudi mbio kwa Aubin.

"Ni kondansateri," alisema Aubin. "Imezeeka. Kitu kikizeeka kinajisemea chenyewe."

Généreuse akarudi nyumbani, akaibadilisha. Mashine ikapiga.

"Basi ni masude yako. Yako kama ugali wa mutu mwenye haraka," akasema Aubin aliporudiwa.

Nyumbani tena, akasude upya kila kiungo. Mashine ikapiga, safari hii vizuri zaidi.

Aliporudi kutoka kwa Aubin mara ya tatu, vidole vimevimba, alimkuta shefu Sebahire anamngoja mlangoni. Sebahire alikuwa shefu wa avenyu, mtu mrefu mwenye kofia, aliyekuwa na kipaji cha kupita mbele ya nyumba ya mtu saa ileile kifuniko kinapofunuliwa. Lakini leo alikuwa na uso wa kazi.

"Mama Généreuse, watu wanasema mambo. Mashine yenye nyaya, yenye batri, inajipiga yenyewe. Wakubwa wataniuliza kama si foni. Unajua foni? Ile redio ya kuongea na watu wa mbali, watu wa upande ule mwingine."

"Shefu, inasema duum tu. Nani ataongea na adui kwa duum?"

"Mama, kuko mutu alilazwa gerezani juu ya waya wa kuanikia nguo. Walisema ni antena. Na nguo zilikuwa bado juu yake!" Akashusha sauti. "Jumatano muko na mazoezi ya mwisho, si vile? Nitakuya. Nikiona inakutii, ni ngoma. Nikiona haikutii, nitaibeba mpaka biro ya wakubwa, na mimi sitaki kuibeba, batri iko nzito." Kisha akanusa hewa kuelekea ukuta. "Mama Léoncie yuko?"

Ndivyo ilivyofika Jumatano ya wiki takatifu. Korali ilijaa ndani ya nyumba ya mbao ya Généreuse mpaka kuta zikapumua. Sauti ya kwanza walikaa kitandani, besi walisimama inje juu ya mawe. Papa Wenceslas alikuja kutoka Keshero na tai yake na kitambaa cha kufutia viatu, maana Murara, alisema, iko na vumbi sana. Hakuna aliyemkumbusha vumbi hilo lilitoka wapi.

"Tunakusikiliza, Mama Duum. Pardon. Mama Généreuse."

Généreuse aligonga ubao kwa kiganja. Duum! Korali nzima ikasema "Ayii!" kwa furaha. Sauti ilikuwa ngoma kabisa, ngoma yenye tumbo. Wenceslas aliinua mkono, wimbo wa matoleo ukaanza, na hapo ndipo likaonekana jambo ambalo Généreuse mwenyewe, katika moshi wote ule wa masude, hakuwa amelifikiria hata mara moja.

Hakujua kupiga ngoma.

Mkono wake ulifika baada ya wimbo kuondoka. Alipouharakisha, ulifika kabla. Korali ilianza kuchechemea, tena wakaongeza na kikohozi. Wenceslas alishusha mkono.

"Mama," alisema kwa upole mbaya kuliko kelele, "ngoma iko. Mutu wa kuipiga, ndiye haiko."

Généreuse alirudi nyuma, akakunja mikono kifuani ili isimwaibishe zaidi. Masikio yalimwaka. Miezi hii yote, vidole hivi vyote!

Na mashine ikapiga.

Duum. Du-dum, duum. Du-dum, duum. Haikuchelewa, haikuwahi. Ilikuwa na mwendo wa mtu anayejua anakokwenda na anayefurahia njia. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kuyumba mabega bila kujijua. Mwingine akaudaka wimbo, besi za inje wakaingia, na kufumba na kufumbua korali iliyokuwa ikichechemea ikawa inateleza. Papa Wenceslas mwenyewe alifumba macho, tai ikicheza. Walifika kwenye kiitikio, walikipita, walikirudia kwa raha zao.

Kisha Wenceslas akafumbua macho, akaiona mikono ya Généreuse. Ilikuwa imekunjwa kifuani vilevile.

Wimbo ulikufa mdomo kwa mdomo. Mashine haikujali, iliendelea peke yake: du-dum, duum. Mtu fulani alijipiga ishara ya msalaba. Besi wawili waliokuwa karibu na njia wakakumbuka kwamba wana shughuli.

"Hapana," alisema Wenceslas, akirudi mlangoni kinyumenyume. "Hapana, hapana. Kitu kisichopigwa na mutu hakiingii kanisani. Padiri ataniuliza ni pepo gani, nitamujibu nini, miye?"

Mlangoni aligongana na shefu Sebahire, aliyekuwa anaingia kwa haraka akimeza mate. "Nimesikia duum, nikasema labda kwa Mama Léoncie..." Akaona nyuso. Akaona mashine inavyopiga na hakuna aliye karibu nayo. Kofia akaivua, akaivaa tena. "Mama Généreuse. Ulinisikia Jumatatu. Nisaidieni na hii batri."

Aliinama, akaikamata batri kwa mikono miwili. Mashine ikanyamaza ghafla, kana kwamba imemwona.

Na katika ukimya ule, kutoka nyuma ya ukuta, sauti ikapaa:

"Na leo tena! Ata sufuria sijaweka! Yesu wangu, nilisema saa ya nyimbo hakuna atasikia, kumbe ni leo wameleta korali nzima!"

Mama Léoncie aliingia kama upepo wa mvua. Alikuwa na mchi begani, mchi mrefu wa kutwangia, na ncha yake ilikuwa ya kijani kibichi, na jani moja la muhogo limening'inia. Alipomwona shefu ameshika batri alisimama. "Ah! Huyu naye yuko hapa tayari!"

Généreuse alilitazama lile jani. Akaitazama mashine iliyonyamaza. Akalitazama jani tena.

"Mama Léoncie. Ulikuwa unatwanga?"

"Hapana, nilikuwa nacheza. Unaona hii ni nini?"

"Kinu chako unakiweka wapi?"

"Kwenye ukuta, basi wapi? Haya mawe ya volkano yako vile nundu ya ng'ombe, kinu kinaanguka. Nakibanisha na nguzo."

"Rudi ukatwange."

"Mbele ya shefu? Ili anione?"

"Nakuomba, mama yangu. Kidogo tu."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake. Mama Léoncie alimtazama, akabetua midomo, akazunguka nyumba. Sebahire aliiachia batri polepole. Wote walingoja, hata waliokuwa wamekimbia walirudi, maana hofu ni hofu lakini kukosa mwisho wa habari ni mateso.

Tho! ya mchi upande ule. Duum! ya bafle upande huu.

"Tena!" akapaza sauti Généreuse.

Tho! Duum!

"Simama!"

Kimya.

"Twanga mara mbili harakaharaka!"

Du-dum!

Kicheko kilianza kwa besi, kikapanda mpaka sauti ya kwanza, kikatoka inje kikavuka shitingi. Généreuse aliegemea ubao kwa paji la uso akicheka na kufuta machozi. Pepo alikuwa ukuta! Ametafuta mdudu ndani ya kila transista, kumbe amekipigilia kisahani kwenye mfupa wa nyumba mbili.

"Ngoja," alisema mmoja wa besi. "Na ile ya mchana? Ile duu... duu... ya polepole?"

"Kitanda cha Muzee kinagusa ukuta," sauti ya Léoncie ikajibu kutoka ng'ambo. "Anakoroma."

"Sikoromi!" ikanguruma sauti ya Muzee Ntirenganya, na mashine, kwa heshima zote, ikasema duu.

Ilichukua muda watu kupata tena pumzi. Sebahire alijipangusa macho kwa kofia. Lakini Papa Wenceslas hakuwa anacheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia kitu kizuri na anaogopa kitamponyoka.

"Ile mikono," alisema. "Ile iliyokuwa inapiga wakati tunaimba. Ilikuwa yake?" Akazunguka nyumba, na kila mtu nyuma yake, mpaka kwenye ua wa Léoncie, ambako kinu kilisimama kimebanwa kati ya nguzo na mawe meusi, sombe imekwisha lainika nusu. "Mama Léoncie. Utatupigia ngoma siku ya Pasaka."

Mama Léoncie alifungua mdomo. Ukiangalia vizuri ungeona furaha imeshafika mpaka kwenye meno. Kisha akamgeukia mume wake, aliyesimama mlangoni na koti lake, na furaha ikarudi ndani.

"Haiwezekani," alisema Muzee. Safari hii hakuwa na mzaha. "Municheke juu ya kukoroma, sawa. Lakini kwetu mwanamuke hapigi ngoma. Mama yangu hakupiga, mama yake hakupiga. Nilipoteza ng'ombe, nilipoteza mulima. Hiyo niachieni."

Mama Léoncie aliushusha mchi, akaanza kupangusa ncha yake kwa kitenge taratibu, kama mtu anayefunga duka. Wenceslas aliitazama tai yake. Pasaka ya makofi ilikuwa imerudi, imesimama pale uani katikati yao.

Généreuse alirudi ndani kwake. Walisikia misumari inang'olewa. Alipotokea tena alikuwa na kile kisahani mkononi, waya mrefu unamfuata, na kipande cha mpira wa tairi. Akapiga magoti mbele ya kinu cha jirani yake, akakibandika kisahani chini kwenye tako la kinu, akakifunga kwa mpira, akakaza. Kisha akainua uso.

"Muzee, samahani, niulize. Kwenu, kutwanga ni kazi ya nani?"

"Ya mwanamuke. Swali gani hilo?"

"Na mwanamuke akitwanga vizuri, ni aibu?"

"Aibu gani? Ni sifa."

"Basi Mama Léoncie hatapiga ngoma. Pasaka, saa ya matoleo, atatwanga sombe. Sombe ya kweli, na majani. Ikilainika itabebwa mpaka altare na ndizi na maharagwe kama toleo lingine. Kama kinu kitasema duum, hayo ni mambo ya kinu."

Muzee Ntirenganya aliegemea fimbo. Aliligeuza jambo upande huu, akaligeuza upande ule, kama anayemkagua ng'ombe wa mahari.

"Majani yatakuwa ndani?" akauliza hatimaye.

"Yatakuwa ndani, Muzee."

"Na mchi ni huu wetu?"

"Ni huu."

"Kutwanga ni kutwanga," akasema Muzee, akatazama pembeni, upande wa mlima. "Na mutu asiseme kwamba muke wangu hajui kutwanga."

Kelele zilizofuata zilisikika Birere. Sebahire peke yake alibaki na mkunjo mmoja kwenye paji la uso. "Na miye wakubwa nitawaambia nini?"

"Waambie ni kinu," akasema Mama Léoncie, akiuinua mchi. "Au kinu nacho kimekatazwa?"

"Kinu hakijakatazwa," alikubali Sebahire, na mkunjo ukaondoka.

Basi waliimba palepale uani, juu ya mawe. Mama Léoncie alitwanga macho yakiwa yamemtoka kwa fahari, sombe ikiruka kidogo kila pigo, na bafle upande wa pili wa ukuta likajibu duum, du-dum, mpaka watoto wa avenyu nzima wakaja kucheza na hata Papa Wenceslas akasahau viatu vyake. Wimbo ulipokwisha mara ya mwisho sombe ilikuwa laini kama unga. Muzee mwenyewe aliupuliza moto. Sufuria ilipanda, mawese yakaingia, sambaza wakafuata, na ile harufu ikaanza kutembea kati ya watu.

Hapo ndipo wanakorali walipoanza kukumbuka adabu. Huyu akaaga, yule akavaa kandambili. Hakuna aliyefika mbali, lakini waliaga. Sebahire hakuaga; alikwishapata kigoda.

Généreuse alikuwa anakusanya waya. Aliukunja kiwikoni kama uzi, akachukua kisahani chake, akainamisha kichwa kuelekea njia ya kuzungukia kwake. Harufu ilimfikia naye, na miguu yake, kwa mazoea, ikaongeza mwendo.

"Weye unaenda wapi?"

Mama Léoncie alikuwa amesimama katikati ya ua, mwiko mkononi, ule ule wa siku ya ugomvi.

"Nilitaka kuwaacha mukule, mama."

"Mukule. Anasema mukule!" Mama Léoncie aliwageukia watu kana kwamba anatafuta mashahidi, kisha akamrudia, na sauti yake ikashuka. "Shefu anakuya. Shemeji wa shefu anakuya. Mutu anapita anaenda Munigi, akisikia ile duum anakata kona anakuya. Weye unalala hapo, nyuma ya ubao mumoja, nasikia ata sindano yako ikianguka. Tangu tumejenga, haujaingia siku moja. Ukisikia sufuria unafunga dirisha. Nikasema, aah, hawa watu wa Bukavu, chakula chetu kinawachefua."

"Si vile, Mama Léoncie! Si vile hata kidogo." Généreuse alikuwa amekumbatia waya wake wote kifuani. "Nilikuwa sina kitu cha kuleta mkononi. Moto ulikula vyote. Mutu anaingia namna gani kwa watu, saa ya chakula, mikono mitupu?"

Mama Léoncie akamnyang'anya ule waya, akaurundika juu ya kinu, akamshika kiwiko na kumsukuma mbele yake kuelekea mlangoni, huku akimpigia kelele Sebahire asogeze kigoda.

"Mikono mitupu ndiyo inakula vizuri, mama. Inawe hapo kwenye beseni. Ingia, Généreuse, ingia tukule."